Utupe Leo: Mwongozo Kamili wa Kumtegemea Mungu Kila Siku Jijini Dar es Salaam

Jumapili haina shida sana. Umevaa vizuri, kwaya imeimba, mahubiri yamekugusa, umesalimiana na watu. Kazi inaanza Jumatatu, pale mwenye nyumba anapotuma meseji ya kodi, bosi anataka umwambie mteja kwamba mzigo umeshatoka bandarini wakati haujatoka, na nyumbani gesi imekata. Hapo ndipo mtu anapojua anamtegemea nani.

Niseme msimamo wangu mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Naona upungufu wa imani hauonekani sana kwenye urefu wa maombi. Unaonekana kwenye uongo mdogo. Mtu anapunja, anadanganya, anakwepa deni, anachukua kisicho chake, kwa sababu ndani kuna swali linamtafuna: nikiliacha hili, nani atanipa? Aliyelijibu swali hilo mbele za Mungu anapata nguvu ya kusema ukweli hata pale ukweli unapomgharimu. Hatua zote zilizomo humu, hata zile za sala na Neno, zinaelekea huko.

Mwongozo ni wa Mkristo yeyote: Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, Mmoravian, Msabato, au mlokole wa kanisa la mabati pale mtaani kwenu. Utarekebisha kidogo kulingana na taratibu zenu.

Hatua ya kwanza: dakika kumi kabla ya simu

Dar inaamka mapema. Anayekaa Chanika, Mbagala Rangi Tatu au Bunju na kazi yake iko Posta, saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni. Ukimwambia huyo atenge saa nzima ya maombi kila asubuhi, unamtwisha mzigo atakaoutupa kabla wiki haijaisha. Marko 1:35 inasema Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu. Wengi wetu mahali pa namna hiyo hatuna. Chumba ni kimoja, watoto wamelala chini, na jirani keshawasha redio.

Basi anza na kidogo kinachowezekana. Ukifumbua macho, usifungue simu. Kama ndiyo inayokuamsha, zima kengele kisha uigeuze kifudifudi. Keti kitandani, au piga magoti kama nafasi ipo. Sali Baba Yetu polepole, na ukifika "utupe leo riziki yetu" simama hapo. Taja mambo ya leo kwa majina yake, kwa Kiswahili chako cha kawaida: "Baba, saa nne nakutana na yule mteja wa vitenge, naogopa atarudisha mzigo. Nauli ninayo, hela ya chakula cha mchana sina. Mtoto amekohoa usiku kucha. Nipe vya leo, na unilinde ulimi." Kisha malizia sala, nenda kaoge.

Kwa nini leo tu, na si mwaka mzima? Kutoka sura ya 16 inaeleza vizuri. Waisraeli waliokota mana ya siku moja moja, na waliojifanya wajanja wakaweka ya kesho waliamka imeingia mabuu na kunuka. Lakini siku ya sita waliambiwa waokote mara mbili kwa ajili ya Sabato, na hiyo haikuoza. Kwa hiyo kuweka akiba si dhambi, na kupanga si kukosa imani. Kilichowaharibikia wa kwanza ni kuweka kwa hofu, kana kwamba Mungu wa leo hatakuwepo kesho.

Wenye ndoa, mwombee mwenzako kwa sauti akiwa anasikia, hata sentensi moja, kabla wa kwanza hajatoka mlangoni. Ni vigumu kumnunia mtu ambaye umetoka kumtaja mbele za Mungu, ingawa nakiri kuna wanaoweza.

Hatua ya pili: Neno, sura moja

Hapa watu hujichosha bila sababu. Biblia nzima kwa mwaka ni mpango mzuri, ila unahitaji sura tatu au nne kila siku, na wengi huishia kwenye Mambo ya Walawi mwezi wa pili. Anza na Injili ya Marko, sura 16, moja kwa siku. Ukimaliza, ingia Mithali: zina sura 31, kwa hiyo tarehe ya leo inakwambia usome ipi. Zaburi 150, moja kila jioni, zinakupeleka kama miezi mitano.

Usafiri ni chuo kizuri. Foleni ya Mandela au Morogoro Road inakupa muda ambao nyumbani huupati, na wengi husikiliza Biblia ya sauti kwa spika za masikioni. Angalizo moja la mjini: ukisomea kwenye simu, usikae dirishani ukiwa umeishika nje nje gari likisimama kituoni. Wapo wanaoisubiri.

Ukimaliza sura, jiulize kitu kimoja: kuna nini humu cha kutii kabla ya jua kuzama? Kama hakuna unachokiona, endelea na siku yako. Kesho utasoma tena.

Hatua ya tatu: kazini na sokoni

Nitakaa sana hapa, kwa sababu ndipo tunapotumia sehemu kubwa ya siku, na ndipo mahubiri mengi hayafiki.

Chukua fundi cherehani. Kibanda chake unakijua: cherehani mbili, rafu ya mbao imejaa vitambaa vilivyofungwa mafundo, kila fundo limechomekwa kikaratasi chenye jina na vipimo. Mama anakuja na kitenge cha sare ya harusi, anaacha kianzio cha elfu kumi, anaambiwa "njoo Ijumaa". Ijumaa anakuta fundo lake liko vile vile, halijaguswa na mkasi, na fundi anamwambia bila kupepesa macho: "Bado vifungo tu, dada yangu. Pita jioni."

Kwa nini anasema hivyo? Tusikimbilie kumwita tapeli. Wiki hiyo anaweza kushona nguo tano, amepokea kianzio cha tisa. Anajua Januari wateja hukauka, kwa hiyo Desemba hana ubavu wa kumrudisha mtu. Anaogopa. Kianzio cha mteja wa tisa kimeshalipa umeme, cha nane kimekwenda ada. Huyu anaweza kuwa mzee wa kanisa, anaombea watu, anatoa zaka. Hofu yake inakaa palepale kwenye kile kitambaa kisichokatwa.

Kwa fundi huyo, kumtegemea Mungu kuna sura ya kazi kabisa. Ahesabu kwa ukweli anaweza nguo ngapi kwa wiki. Aandike daftarini tarehe ya kila nguo kabla ya kupokea hela. Kianzio akiweke mbali na hela ya kula mpaka siku anapokata kitambaa. Mteja wa sita akija, amwambie: "Mama, ya kwako itakuwa tayari Jumatano ijayo. Kama ni ya Jumamosi hii, ngoja nikupeleke kwa mwenzangu pale."

Wengine wataondoka, na sitakuahidi kwamba kila aliyeondoka Mungu atakuletea wawili. Huenda mwezi huo ukawa mwembamba kweli. "Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe," inasema Mithali 3:5, na mstari huo hausemi hutapata hasara. Mji huu unatufundisha kwamba bila ujanja huli. Mwamini anatumia akili zake zote, anapanga, anabana matumizi, anatangaza kazi yake, ila ujanja wa kumwumiza mwenzake anauweka chini.

Sasa tazama kazi yako mwenyewe. Kazi nyingi zina "bado vifungo tu" yake. Kwa wengi ni ile ya kwenye simu: "Niko Ubungo hapa, foleni tu," wakati mtu anatafuta viatu nyumbani Kimara. Kwa muuza nafaka ni mizani iliyochezewa au kopo lililobonyezwa kitako, na Mithali 11:1 imelitaja moja kwa moja: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Kwa mwenye duka Kariakoo ni lile swali la "nikufanyie na risiti au bila?" Kwa kondakta ni chenji anayosubiri abiria aisahau. Kwa aliye ofisini ni posho ya safari ambayo hakusafiri.

Fanya zoezi hili kwa wiki moja tu. Chagua uongo mmoja, ule unaojirudia zaidi katika kazi yako, na uandae mapema sentensi ya kweli ya kuweka mahali pake. Uiandae kabisa, maana presha ikija hutakuwa na muda wa kufikiri. Badala ya "niko njiani", sema "nimechelewa kutoka, nihesabie saa moja". Bosi akikutaka udanganye mteja, jaribu: "Bosi, naomba nimwambie mzigo utatoka kati ya Alhamisi na Jumamosi, nitamtuliza." Mara nyingi bosi anachotaka ni mteja atulie, na njia ya kumtuliza hana shida nayo. Akiendelea kukulazimisha kila siku, anza kutafuta kazi nyingine kwa utaratibu, huku hii ukiifanya kwa bidii. Usiache kazi kwa hasira ya Jumatatu kisha ukaita imani.

Kwenye rushwa, jibu fupi hufaa kuliko hotuba: "Hapana kaka, niandikie tu ninachodaiwa, nitalipa." Wakizidi kukubana, TAKUKURU wana namba ya bure, 113.

Na yaliyokwisha haribika? Zakayo katika Luka 19 hakuishia kulia. Alisema atarudisha mara nne. Si lazima ufikie mara nne. Andika majina ya watu wanaokudai radhi au hela, anza na deni dogo kuliko yote, ulipe hata kwa mafungu. Mpigie mwenyewe kabla hajakupigia. Kumpokelea simu mtu anayekudai nacho ni kitendo cha imani, na kwa wengine ni kigumu kuliko mfungo.

Hatua ya nne: hela

Hela ikiingia, iwe mshahara, mauzo ya siku au mzunguko wa kikoba, igawe siku hiyo hiyo. Sadaka au fungu la kumi kwanza, kulingana na mafundisho ya kanisa lako. Kisha kodi, ambayo kwa wapangaji wengi hudaiwa ya miezi mitatu au sita kwa mpigo, kwa hiyo kila mwezi tenga sehemu yake mahali usipoigusa. Kisha chakula, nauli, ada. Na weka kiasi kidogo cha mtu usiyemjua bado: jirani atakayefiwa, mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa daftari. Yakobo 2:15-16 inamshangaa mtu anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa kitu. Ukiwa na elfu tano iliyotengwa kwa ajili hiyo, huna haja ya kuanza kupiga hesabu pale mlangoni.

Kuhusu utoaji nina neno gumu kidogo. Sadaka ni shukrani. Si bahati nasibu. Ukiambiwa upande laki moja ili ndani ya siku saba upate gari, au ununue mafuta na maji ili mlango wa ndoa ufunguke, umeingizwa kwenye biashara, na Mungu hauzi. Katika Matendo 8 Simoni mchawi alileta fedha ili apate nguvu za Roho, na Petro alimkemea vikali. Usikope ili utoe. Usitoe ada ya mtoto. Mtumishi anayekutisha kwamba utalaaniwa usipotoa, mwachie ukumbi wake.

Mikopo nayo. Ile inayoitwa kausha damu imekunywa amani ya nyumba nyingi hapa mjini, hasa za akina mama wafanyabiashara. Piga hesabu kabla ya kusaini. Laki mbili kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi ni elfu arobaini ya riba kila mwezi. Miezi mitano umelipa laki mbili za riba tupu, na ile laki mbili ya mwanzo bado inadaiwa. Muulize mkopeshaji leseni yake, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Kabla ya kwenda kwake, mwambie ukweli mtu mmoja wa kikoba chako au wa jumuiya yako. Aibu ndiyo inayowapeleka wengi kwa hao watu, kuliko hata shida yenyewe.

Na michango ya harusi. Kamati ikikuletea kadi, ahidi unachokiweza na ukitoe. Ahadi ya laki moja usiyoitoa ni mbaya kuliko elfu ishirini uliyokabidhi mkononi.

Hatua ya tano: hofu na ugonjwa

Wafilipi 4:6 inasema, "Msijisumbue kwa neno lo lote; bali katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu." Ukiusoma usiku wa manane huku moyo unakwenda mbio, unaweza kuuona kama karipio. Uchukulie kama maelekezo. Washa taa, chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande mmoja andika yaliyo mikononi mwako asubuhi: kumpigia mwenye nyumba, kwenda kliniki, kuomba muda zaidi shuleni. Upande wa pili andika yasiyo mikononi mwako: majibu ya kipimo, uamuzi wa bosi, moyo wa mtoto aliyekaidi. Upande wa pili uombee kwa sauti, mstari kwa mstari. Wa kwanza uuwekee saa. Kisha lala, hata kama usingizi hautakuja mara moja.

Siku nyingine hutakuwa na shukrani yoyote. Tumia Zaburi ya 13, inayoanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Imo ndani ya Biblia, kwa hiyo una ruhusa kuisema. Mtu anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye.

Ukiugua, omba na uende hospitali. Ombewa jioni, asubuhi panga foleni Amana, Mwananyamala, Temeke au zahanati ya karibu. Dawa za presha, sukari, kifafa au VVU usiziache kwa sababu umeombewa na unajisikia vizuri. Kama Mungu amekuponya, vipimo vya daktari vitaonyesha, na daktari ndiye atakayekuambia uache. Mtumishi anayeagiza watu watupe dawa amevuka mpaka, hata awe na umati wa kujaza uwanja. Na hofu au huzuni ikikaa kwa majuma, ukakosa usingizi na hamu ya kula, au ukaanza kuwaza kujidhuru, mwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo na umwone daktari. Magonjwa ya akili hutibiwa, na si ushahidi wa mapepo wala wa imani ndogo.

Hatua ya sita: watu wa karibu

Imani ya peke yako haidumu mjini. Ukihama kutoka Tabata kwenda Kigamboni, kanisa lako pendwa limebaki ng'ambo ya maji, na polepole unakuwa Mkristo wa kwenye simu. Ushauri wangu, na najua wengine hawatakubali: abudu unakotaka Jumapili, ila jumuiya iwe ya mtaani kwako. Wakatoliki wanazo jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970. Walutheri na wengine wanazo za kwao, na makanisa ya kipentekoste yana vikundi vya nyumbani. Hao ndio watakaokuja usiku ukifiwa. Ukihamia mtaa mpya, wiki ya kwanza muulize mama muuza genge jumuiya inasalia kwa nani. Anajua.

Ukifika, usiwe msikilizaji tu. Chukua kazi ndogo: kubeba viti, kumtembelea mgonjwa, kuandika mahudhurio. Na tafuta mtu mmoja, wa jinsia yako, unayeweza kumwambia ukweli wa hela zako na majaribu yako.

Majirani wengi wa Mkristo wa Dar ni Waislamu, na imani yako wataisoma kwenye mambo ya kawaida. Nenda msibani, kaa na watu, beba msiba wao kama wako. Ukialikwa futari, nenda. Mwezi wa Ramadhani usiwakaangie watoto chipsi barazani saa tisa mchana mbele ya waliofunga. Na mkesha wenu wa Ijumaa, punguzeni spika. Jirani ambaye hajalala mpaka saa kumi kwa sababu ya sifa zenu hawezi kumsifu Mungu wenu asubuhi.

Hatua ya saba: jioni, na siku ulizoanguka

Ukiwa kwenye gari la kurudi, pitia siku kwa dakika chache. Wapi nimedanganya? Nani nimemkaripia, dada wa kazi, mtoto, konda? Mungu alinipa nini ambacho asubuhi sikukitegemea? Kwa lile la kwanza, omba msamaha, na kama mtu yupo wa kuombwa msamaha, tuma ujumbe kabla hujafika nyumbani. Waefeso 4:26 inataka jua lisichwe ukiwa bado na uchungu, na kwetu jua linazama mapema, karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo wengi wetu tutakuwa tumechelewa kidogo. Fanya hivyo hivyo.

Utakosa siku. Mtoto atalazwa, utasafiri kwenda msibani mkoani, au utachoka tu na kulala na viatu. Ukirudi, usijaribu kulipa sura zote ulizoruka wala kukesha kufidia maombi, maana ndiyo njia ya haraka ya kuacha tena. Fungua sura inayofuata pale ulipoishia. Ule uongo mmoja uliouchagua kwenye hatua ya tatu, kama umerudi, mpigie uliyemdanganya umwambie ilivyo, kisha anza kuhesabu wiki upya.